Vyumba vya chini ya ardhi Al Asad, Iraki: vilijengwa na nani, na vilikuwa vya kazi gani?

Koplo wa Tororo

Habari zenu wazee na ndugu. Natafuta mtu aliyepita Iraki, au anayejua uhandisi wa jeshi, anifafanulie kitu nilichokiona.

Nilikuwa UPDF, jeshi la Uganda, nikatoka na cheo cha koplo, kisha nikaenda kyeyo, yaani kibarua cha nje ya nchi, kama maelfu ya Waganda wengine waliochukuliwa kulinda kambi za Wamarekani. Mimi niliangukia Al Asad, jangwani kabisa, mkoa wa Anbar. Leo uko mnarani, kesho getini, keshokutwa unasimama mlango wa bwalo kukagua vitambulisho. Watu hapa nyumbani hudhani tulikuwa vitani kila siku, lakini kazi yenyewe hasa ilikuwa jua, vumbi na kukesha.

Kambi ile Wamarekani waliikuta imejengwa. Alfajiri, ukiwa juu ya mnara, unaona mabanda ya ndege ya zege yenye migongo ya mviringo, yamerundikiwa udongo hadi yanafanana na vilima. Baadhi yana tundu moja tu paani, lakini ukichungulia ndani kila kitu kimesambaratika na nondo zinaning'inia. Nyuma ya banda moja kulikuwa na ngazi zinazoshuka ardhini.

Sajenti mmoja wa wahandisi wa Kimarekani alikuwa anakagua majengo ya zamani kabla milango haijachomelewa. Mimi na mwenzangu wa Soroti tukapangwa kumsindikiza. Wataalamu wa mabomu walikuwa wameshapita na kuweka alama ya rangi mlangoni, kwa hiyo tuliingia kwa amri na kwa utaratibu.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa chuma, mnene kuliko upana wa kiganja changu, unafungwa kwa gurudumu. Ndani kuna chumba kidogo, halafu mlango mwingine, halafu chumba chenye mabomba ya bafu darini na mfereji wa maji sakafuni. Bafu, kabla hujafika popote! Baada ya hapo korido ikakata kona kali, ikakata tena, tukatokea kwenye chumba kirefu chenye vitanda vya chuma vilivyofungwa ukutani kwa minyororo. Upande wa mwisho palikuwa na mitungi mikubwa ya kijani imepangwa safu, imeungwa na mabomba manene, na pembeni yake mashine yenye mpini wa kuzungusha kwa mkono. Vibao vyake vilikuwa na herufi kama zetu, ila baadhi zimewekewa alama juu. Kiingereza hakikuwepo, wala Kiarabu.

Kuta zilikuwa zimejaa maandishi ya Kiarabu ya penseli. Mwenzangu aliwahi kukaa Juba, anazijua tarakimu zao, akasoma 1986 sehemu moja na 1991 sehemu nyingine. Palikuwa na mchoro wa ndege uliochorwa na mtu mwenye mkono mzuri sana, hadi magurudumu na rubani. Juu ya maandishi hayo wanajeshi wa Kimarekani nao walikuwa wameandika majina yao na ya miji yao kwa kalamu nene. Roho iliniuma kuona baadhi yameandikwa juu ya yale ya zamani.

Simu na kamera tulikuwa haturuhusiwi kuwa nazo lindoni, kwa hiyo sina picha hata moja. Nimebaki na niliyoyaona kwa macho, na nataka kuyaelewa kabla hayajanitoka. Nani alijenga? Bafu la nini mlangoni? Na lile tundu moja linawezaje kuharibu banda zima?

Kuna na la pili. Mpwa wangu yuko Singo, kambi ya mafunzo ya jeshi, anajiandaa kwenda Mogadishu. Ananiuliza kuhusu mahandaki kwa sababu ananisikia nikisimulia. Nimwambie nini?

Mhandisi Mstaafu, Bombo

Koplo, asante kwa maelezo yaliyonyooka. Ulivyoeleza milango na kona, naweza kukichora chumba hicho bila kukiona.

Al Asad ilijengwa na kampuni za Yugoslavia, kati ya 1981 na 1987. Hizo herufi zenye alama juu ni za kwao. Kambi ilianza kwa jina la Qadisiyah, vita ambamo Waarabu waliwashinda Waajemi katika karne ya 7, na Saddam alilipenda jina hilo kwa kuwa wakati huo alikuwa anapigana na Irani. Ilikuwa mji mzima, wenye uwanja wa mpira, sinema, msikiti, hospitali na shule.

Sababu ya kurundika zege kiasi hicho ni mwaka 1967. Waisraeli waliziangamiza ndege za Misri, Siria na Jordan zikiwa zimeegeshwa chini, na uwanja mmoja wa Iraki nao ulipigwa. Kila jeshi la anga la ukanda ule likajifunza kwamba ndege iliyo wazi ni ndege iliyokwisha kufa. Sisi tulilijua hilo Entebbe, usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, MiG zetu zilipolipuliwa zikiwa zimepangwa uwanjani bila hata ukuta wa udongo. Iraki walikuwa na fedha za mafuta, wakaita makampuni ya Ulaya, wakajenga viwanja vikubwa vyenye mabanda magumu nchi nzima.

Sasa lile tundu. Mwaka 1991 Wamarekani na wenzao walikuja na mabomu yanayoongozwa kwa leza, yenye kichwa cha chuma kigumu na kiwashio kinachochelewa. Bomu linatoboa paa kwanza, linalipuka likishakuwa ndani. Mlipuko hauna pa kutokea, kwa hiyo zege lililokusudiwa kulinda ndege ndilo linaloufungia moto humo humo pamoja na ndege. Ndiyo maana nje ulikuta tundu dogo na ndani maangamizi. Marubani wa Iraki walipoona hivyo, ndege zaidi ya 100 zilikimbilia Irani, kwa adui wa jana.

Na 2003 hawakuyaamini tena mabanda. Makomando wa Australia walipoiteka Al Asad Aprili mwaka ule walikuta ndege zaidi ya 50, nyingi zimefichwa nje ya mabanda. Kule Al Taqaddum, Wamarekani walifukua MiG-25 zilizozikwa mchangani. Fikiria fundi wa ndege anayeamriwa kuifukia kwa mchanga ndege aliyoitunza miaka yote.

Bafu: chumba chako ni cha kujikinga na sumu. Katika vita vyake na Irani miaka ya 1980, Iraki ilitumia gesi ya haradali na sumu za mishipa ya fahamu dhidi ya Wairani, na Machi 1988 dhidi ya Wakurdi wa Halabja, raia wake mwenyewe. Jeshi linalotumia sumu linajenga vyumba vya kujikinga nayo. Mtu anaingia mlango wa kwanza na nguo chafu, anavua, anaoga, ndipo anaingia safi. Ile mitungi ya kijani ni machujio ya hewa. Feni inavuta hewa ya nje kupitia machujio na kuisukuma ndani, hadi msukumo wa ndani unazidi kidogo ule wa nje. Hata pakiwa na ufa, hewa inatoka badala ya kuingia. Umeme ukikatika wanapokezana kwenye ule mpini. Kona mbili za korido zinavunja nguvu ya mlipuko, kwa kuwa wimbi la mlipuko hupoteza kasi kila likigonga ukuta.

Vyumba vya namna hiyo havikuisha kazi yake. Tarehe 8 Januari 2020 Irani ilipoipiga Al Asad kwa makombora, baadhi ya Wamarekani walijificha katika bunka za enzi za Saddam. Hakuna aliyekufa, ingawa zaidi ya 100 walipata madhara ya ubongo kwa mtikisiko. Zile kuta nyembamba za zege zinazowekwa juu ya ardhi zilikusudiwa maroketi madogo na mizinga midogo, si kombora lenye kichwa cha mamia ya kilo.

Kuhusu mpwa wako nina neno moja ninalolisema kila mara, na nitalirudia hadi kaburini: hewa. Vijana wanaogopa mtego wa bomu, na wafanye hivyo. Lakini chumba cha chuma kilichofungwa miaka mingi kinaweza kuua bila bomu. Chuma kikishika kutu kinakula oksijeni. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Ikishuka chini ya 19.5 hapaingiwi bila vifaa, na ikishuka sana unaanguka kabla hujahisi chochote. Kila mwaka hapa kwetu watu wanafia kwenye mashimo ya vyoo na visima: mmoja anashuka kuchukua simu, ndugu yake anashuka kumwokoa, wa tatu anafuata. Bunka halina tofauti na shimo hilo. Na asipime kwa mshumaa wala kiberiti. Moto hausemi kama pana gesi ya sumu, na pakiwa na gesi inayowaka ndio utakaoilipua.

Machujio yasifunguliwe. Makaa ya ndani huwa yametiwa kemikali za metali. Makombora ya zamani ya mizinga yasiguswe hata yakionekana yamekufa: kati ya 2004 na 2011 wanajeshi wa Kimarekani na polisi wa Iraki walijeruhiwa na makombora ya kale ya haradali na sarini.

Bakara 2011

Koplo, afande mhandisi, nawasalimu. Nilikuwa Mogadishu na AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika kilichokuwa Somalia. Sitataja kikosi changu wala mahali tulipokaa. Mpwa wako naye afundishwe hilo kabla ya yote: asiandike mtandaoni yuko wapi.

Ya kwetu hayakuwa zege la Yugoslavia. Al-Shabaab walichimba kwa mikono. Mitaro ilipita barabarani, ikaingia chini ya nyumba, ikatokea upande wa pili. Penye nyumba zilizobanana walitoboa kuta, tundu la mtu kupita akiwa ameinama, nyumba hadi nyumba, hadi mtu anaweza kutembea mtaa mzima bila kuonekana kutoka angani. Ndege inapita juu na haioni kitu. Ndiyo maana vita vya mwaka ule vilikwenda ukuta kwa ukuta, sisi upande wetu na Warundi upande wao.

Al-Shabaab waliondoka jijini tarehe 6 Agosti 2011. Ndipo tukaona kilichokuwa chini yetu. Niliingia handaki moja nyuma ya wahandisi wetu. Paa lilikuwa mabati, milango ya nyumba, juu yake magunia ya mchanga. Ndani kulikuwa na mikeka, chupa ya chai, viatu vya plastiki jozi moja, vidogo. Vidogo kabisa, vya mtoto wa miaka kumi na kitu. Nilivitazama muda mrefu. Walikuwa wanawachukua watoto na kuwapa bunduki, sisi sote tulilijua. Kulijua si sawa na kukuta kiatu.

Kwa mpwa: wahandisi kwanza, kila siku, hata kama jana walipita. Usiku mtu anaweza kurudi na kutega. Asiokote kitu. Redio, simu, pochi, Kurani, chochote. Kitu kizuri kilichoachwa mahali peupe kimeachwa kwa ajili yake. Na akisikia kamanda anasema handaki lifukiwe kwa tingatinga, asilalamike kwamba bado hajaliona.

Sista wa Ibanda

Naomba niingie kwa upande wa afya, maana hapa kwetu tumezika watu kwa sababu ya mapango.

Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, wilaya ya Kamwenge, walipata Marburg, homa kali ya virusi inayoua. Mgodi ulikuwa umejaa popo wa matunda, wale wakubwa wenye macho, na watafiti baadaye walivipata virusi hai ndani ya popo hao hao. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki baada ya kutembelea pango lenye chatu na popo katika msitu wa Maramagambo. Huyu alikuwa mgeni, aliingia kutazama tu. Upande wa Kenya wa Mlima Elgon, pango la Kitum lina historia kama hiyo tangu 1980.

Kwa hiyo mwanajeshi wa kwetu anayezoea kuingia mapangoni, akiwa Kongo au Afrika ya Kati au hata mazoezini hapa nyumbani, akiona popo wengi na harufu kali ya mavi yao, asiingie. Kama ni lazima, basi barakoa nzuri, glavu, miwani, na asishike ukuta. Homa ikimpata ndani ya wiki tatu amwambie daktari waziwazi: nilikuwa kwenye pango. Wengi wanatibiwa malaria siku kadhaa kwa sababu hawakusema, na wanaouguza wanaambukizwa. Naomba sana hili lisomwe.

Iraki adui ni mwingine. Kuna usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, anapenda magofu, mashimo ya panya na vyumba vyenye giza na ubaridi. Anaambukiza leishmania ya ngozi. Mamia ya wanajeshi wa Kimarekani walirudi nayo miaka ya kwanza ya vita. Ni kidonda kisichouma sana na kisichopona, kinaacha kovu la duara. Koplo, wewe au wenzako mliwahi kukiona?

Koplo wa Tororo

Sista, ndiyo. Mimi hapana, lakini kijana mmoja wa Lira alikuwa nacho mkononi, kama sarafu, miezi mingi. Zahanati ya kampuni ilimpa dawa ya kupaka ya vidonda vya kawaida, akarudi nyumbani nacho. Nitamtafuta nimwambie aende hospitali ya rufaa na ataje jina hilo.

Mhandisi, nimesoma maelezo yako mara nyingi leo. Ule mpini nilikuwa nikidhani ni wa pampu ya maji. Kumbe walikuwa wanazungusha pumzi zao wenyewe. Na huyo aliyeandika 1991 huenda alikuwa amekaa kwenye kitanda kile wakati mabanda ya juu yanatobolewa.

Afande wa Bakara, pole. Mpwa amesoma. Ameniambia atafuta picha zake zote za Singo mtandaoni.

Mjukuu wa Bama, Kitgum

Babu yangu alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, batalioni ya 34 ya Uganda, akaenda Burma katika divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Walishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa masika ya kule, matope hadi kiunoni, malaria na mvua, hadi wakavuka mto Chindwin Desemba ile. Kiswahili alijifunza huko jeshini, na ndicho alichotusimulia nacho sisi wajukuu, ingawa nyumbani tunasema Kiacholi.

Alisema bunka za Wajapani huzioni. Magogo mazito, udongo wa mita moja au zaidi juu yake, halafu majani yanaota. Unapita juu ya paa la adui bila kujua. Tundu la kufyatulia risasi lilikuwa finyu na liko chini karibu na ardhi. Mizinga ilipiga juu yake bila kuziumiza bunka hizo, ikabidi watu wasogee kwa tumbo hadi mlangoni.

Baada ya kuliteka bonde wazungu walitaka kuona ndani, na waliotangulia kuingia walikuwa askari weusi wenye mapanga na fimbo ndefu. Babu alitumia fimbo ya mwanzi. Aligusa kila kitu kwa fimbo kabla ya mguu. Ndani mara nyingi palikuwa na mchele mbichi kidogo na watu waliokufa kwa njaa na kuhara, si kwa risasi. Aliwaonea huruma Wajapani wale hadi uzeeni, na hakuona aibu kusema hivyo mbele ya watu.

Babu hakuandika lolote, na sisi hatukumwandikia. Picha ipo moja, yuko Gilgil akiwa na kofia, ya Burma hakuna hata moja. Koplo, usisubiri picha. Chukua karatasi uchore.

Mhandisi Mstaafu, Bombo

Naunga mkono. Chora kwa hatua zako, si kwa mita. Urefu wa hatua yako tutaupima baadaye. Weka milango, kona, vitanda, mitungi, na kila ukuta uliokuwa na maandishi. Andika tarakimu mahali zilipokuwa. Kwetu hapa Lubiri, Mengo, liko handaki lililojengwa kama ghala la silaha enzi za Amin, likageuzwa pa kutesea na kuulia watu. Wageni wanaonyeshwa alama za mikono ukutani, lakini majina ya wengi walioziacha hayajulikani. Hilo hunisumbua kila nikipita pale. Kuta za Al Asad zina maandishi na miaka, na milango imechomelewa.

Koplo wa Tororo

Nimechora jana usiku, na nimempigia mwenzangu wa Soroti anihakikishie. Tumekubaliana karibu yote, isipokuwa jambo moja: yeye anasema kabla ya chumba cha vitanda milango ilikuwa mitatu, wa tatu mwembamba, kati ya mahali pa kuoga na korido. Mimi nakumbuka miwili. Hilo linabadilisha maelezo yako?

Mhandisi Mstaafu, Bombo

Halibadilishi, linayakamilisha. Pa kuvulia, pa kuogea, pa kuvalia: kila kimoja kinataka mlango wake ili hewa chafu isimfuate mtu. Ule mwembamba haukuwa wa kuzuia mlipuko, ulikuwa wa kuzuia hewa, na pembeni yake ungekuta mpira mweusi wa kuziba. Muulize mwenzako kama aliuona huo mpira, na kama palikuwa na kulabu au rafu ukutani baada ya bafu. Kama zilikuwepo, ndipo walipotundika nguo safi. Halafu nitumie mchoro.